Mteja wa Mpiga Ramli: Utangulizi

Bundi akilia juu ya paa usiku, yupo msomi mwenye shahada mbili atakayetoka nje kumfukuza. Ukimuuliza kisa, atacheka: "Basi tu." Somo letu linaanzia hapo.

Zamani wataalamu wengi walidhani ushirikina ni ujinga, kwamba shule ikifika, wenyewe utakimbia. Shule imefika. Bado tunaona timu za mpira zikikwepa mlango rasmi wa uwanja, na kila shabiki anajua kuwa "kamati ya ufundi" haishughuliki na pasi wala kona.

Aliyetufungua macho ni Bronislaw Malinowski, aliyefanya utafiti katika visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea ya leo, kati ya 1915 na 1918. Wavuvi wa huko walipovua kwa utupa ndani ya mwamba, kwenye maji matulivu na samaki wa uhakika, hawakuhangaika na uganga. Waliotoka kwenda bahari kuu, kwenye hatari na bahati nasibu, walikuwa na makago chungu nzima. Watu ni walewale, akili ni ileile. Kilichobadilika ni bahari. Mtu hushika hirizi pale ustadi wake unapogota.

B. F. Skinner naye, mwaka 1948, aliwadondoshea njiwa wenye njaa chakula kila baada ya muda maalumu, wafanye wasifanye. Wengi wakazua vituko: huyu anazunguka, yule anatikisa kichwa, kana kwamba ndivyo vinavyoleta chakula. Tafsiri yake imepingwa baadaye, na mimi naona njiwa wale wamebebeshwa mzigo mzito kuliko mbawa zao.

Ninayemrudia mara kwa mara ni E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika mwaka 1937 juu ya Wazande, ambao leo wamo Sudan Kusini, Congo na Afrika ya Kati. Ghala likiwaangukia watu waliojipumzisha kivulini, Mzande anajua fika kuwa mchwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kingine: kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale? Sisi tunajibu kuwa ni sadfa. Jibu ni sahihi, ila halijawahi kumfuta mfiwa machozi.

Msomaji asidhani haya yote ni ya kuchekesha. Kumfukuza bundi hakumdhuru mtu. Huko Usukumani, vikongwe wenye macho mekundu, wekundu wa moshi wa kupikia miaka nenda rudi, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Mwaka 2015, mauaji ya watu wenye ualbino yakiwa yameitikisa nchi, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli. Naiunga mkono. Lakini marufuku humfuata anayeuza jibu. Anayelinunua hubaki na swali lake: kwa nini mwanangu, kwa nini mwaka huu? Sura ya kwanza inaanza na mteja huyo.