Ile harufu ya gesi si ya gesi

Unabadilisha mtungi jioni, kichwa cha gesi hakikai vizuri, na pua inajua kabla ya macho. Kabeji iliyooza. Unafungua dirisha, unapiga jirani kelele asiwashe kiberiti. Poa sana, umefanya vizuri. Lakini ile harufu si ya gesi. Gesi ya kupikia ni propani na butani, na zote mbili karibu hazinuki. Uvundo ule ni wa merkaptani, kemikali inayotiwa makusudi, kiasi kidogo tu, ili ugutuke mapema.

Kinachonichekesha ni kwamba wenye mitambo hutia uvundo huo baada ya kuhangaika kuondoa mwingine, mbaya zaidi.

Visima vingi vya gesi na mafuta duniani hutoa mali ikiwa imechanganyika na wageni wawili: kaboni dayoksaidi na haidrojeni salfaidi. Gesi ya namna hiyo wenyewe huiita chachu. Ikisafishwa, inaitwa tamu. Majirani zetu Tanzania walibahatika, kwani gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani. Kwingineko, usipowatoa wale wawili, wanakutana na unyevu, wanakuwa asidi na kuanza kula mabomba ya chuma.

Haidrojeni salfaidi ndiyo ile ya mayai yaliyooza, na hapa naomba usome polepole. Pua huinusa hata ikiwa chini ya sehemu 1 kwa milioni ya hewa. Ikifika kama 100, pua inakufa ganzi. Unadhani imeisha, kumbe imezidi. Ikipita 500 mtu anaweza kuzirai haraka, na karibu na 1,000 pumzi chache tu zinatosha kuua. Gesi hiyo hiyo hujikusanya kwenye mashimo ya majitaka ya mtaani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inalala chini ikingoja. Kwa hivyo ukiitwa kibarua cha kushuka shimoni na uambiwe harufu imeisha, ingia tu, kataa. Hakuna pesa ya siku moja inayolipa hiyo. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate bila kifaa cha kupumulia. Ita wazima moto. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeingia kuokoa.

Sasa, kiwandani wanaitoaje? Mwaka wa 1930, Marekani, jamaa anayeitwa Robert Bottoms, wa kampuni ya Girdler kule Kentucky, alipata hataza ya kusafisha gesi kwa kemikali za kundi la amini. Usicheke, imani haihusiki. Amini ni ndugu za amonia, na baadhi yake zinanuka samaki wa juzi. Kama ulikuwa macho kwenye kemia ya Kidato cha Kwanza (mimi chuo niliacha, lakini hapo nilikuwa macho), unakumbuka kwamba asidi na besi hushikana. Wale wageni wawili ni asidi wakiingia majini. Amini ni besi. Basi.

Ujanja wenyewe uko kwenye kuachana. Fikiria matatu. Gesi chachu inaingia chini ya mnara mrefu, na mchanganyiko wa maji na amini unateremka kutoka juu, kwenye joto la kama nyuzi 40. Hapo matatu inabeba abiria. Gesi tamu inatokea juu ya mnara, amini iliyojaa inatokea chini na kupelekwa mnara wa pili, ambako inachemshwa hadi nyuzi 120 hivi. Joto ni kanjo: abiria wote wanashuka mbio. Amini inapoozwa, inarudi steji ikiwa tupu, inabeba tena. Amini ile ile, usiku na mchana, na kinachokula pesa zaidi ni joto la ule mnara wa pili.

Haidrojeni salfaidi iliyoshuka haitupwi. Inageuzwa kuwa salfa, ule unga wa manjano. Salfa nyingi duniani leo haichimbwi, inatokana na kusafisha mafuta na gesi. Inatengeneza asidi ya salfuriki, nayo asidi inatengeneza mbolea za fosfati kama ile DAP ambayo shosh wako anapanda nayo mahindi.

Kaboni dayoksaidi ndiyo haina mwenyewe. Viwanda vingi vikishaitoa kwenye gesi huiachilia hewani, hata kama tayari wamegharamika kuitenga. Norway ilifika hapo na kisima cha Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini. Gesi yake ilikuwa na kaboni dayoksaidi ya hadi asilimia 9 hivi, na wanunuzi walitaka isizidi 2.5. Kuitoa ilikuwa lazima, na waliitoa kwa amini. Ila mwaka wa 1991 serikali ilikuwa imeweka kodi ya kaboni, kwa hivyo kuiachilia hewani kungewagharimu kila siku. Kuanzia 1996 wanaisukuma chini ya sakafu ya bahari, kwenye mwamba wa mchanga wenye maji ya chumvi, miaka ya mwanzo ikiwa karibu tani milioni moja kwa mwaka. Bila ile kodi, sioni ni kwa nini kampuni ingejisumbua.

Siku hizi kuna wanaotaka kufunga minara hiyo kwenye mabomba ya moshi ya viwanda. Inawezekana. Kituo cha umeme wa makaa cha Boundary Dam, Canada, kilianza 2014. Lakini moshi hauna msukumo kama gesi ya kisimani, na kaboni yake imetawanyika, kwa hivyo kazi ni ngumu na joto linalohitajika ni jingi. Basi ukisikia mwekezaji anajigamba kwamba atanasa kaboni ya kiwanda chake chote, muulize joto la mnara wa pili linatoka wapi, na abiria wakishashuka wanalala wapi.