Je, Wajua? Mbegu za Boga Zina Protini Kuliko Boga Lenyewe

Gramu 100 za kiini cha mbegu za boga zilizokauka zina takriban gramu 30 za protini, pamoja na madini ya chuma, zinki na magnesiamu. Kiasi hichohicho cha nyama ya boga hakifikishi hata gramu 2 za protini. Inauma, basi, kuona mbegu hizo zikimwagwa jalalani pamoja na maganda.

Kanazi, Bukoba, boga hutambaa kwenye kibanja chini ya migomba na mibuni, nalo hupandwa ili liliwe. Marekani, kuelekea tarehe 31 Oktoba, mengi huchongwa sura za kutisha, ingawa huko pia wapo wanaookoa mbegu na kuzikaanga. Asili ya boga ni bara hilohilo la Amerika: wakulima wa Meksiko walianza kulilima miaka ipatayo 10,000 iliyopita.

Kuandaa mbegu hizo hakuna gharama. Zioshe hadi utelezi uishe, uzianike juu ya mkeka zikauke kabisa. Bukoba mvua ni nyingi, na mbegu yenye unyevu huota ukungu haraka. Iliyoota ukungu usiile. Kisha zikaange kwa moto mdogo na chumvi kidogo, ukikoroga mpaka zianze kualika. Watoto wadogo wamenyee na uwatwangie, unga wake uutie kwenye uji au mboga za majani, maana mbegu nzima inaweza kuwapalia.

Za kupanda zitenge mapema: iliyokaangwa haioti tena.