Je, Uchumi Una Nafasi Katika Kumhudumia Mgonjwa?



Neno "uchumi" likitajwa hospitalini, wengi wetu tunadhani ni habari ya kubana matumizi au kumpangia mgonjwa bei. Nasi tunaosoma falsafa tunafundishwa kwamba mtu ana hadhi, na hadhi haina bei. Lakini fedha za umma zina mwisho. Shilingi iliyokwisha kununua kitu kimoja haiwezi kununua kingine. Kwa hiyo uchumi wa afya hauulizi maisha ya mtu ni shilingi ngapi. Unauliza: fedha hizi chache tuzitumieje ili wengi zaidi wapate uzima?

Mfano mzuri tunao hapa hapa Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), AMREF na wenzao kutoka London walichagua jumuiya 12 za vijijini, wakazipanga katika jozi 6. Katika kila jozi, jumuiya moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa mapema. Nyingine ikafuata baadaye. Haikujengwa hospitali mpya. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya vilivyokuwapo walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili bila kusubiri vipimo vya maabara. Dawa hazikuachwa ziishe, wasimamizi walipita mara kwa mara, na wanakijiji walihimizwa kuwahi matibabu.

Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jumuiya zilizoboreshewa huduma na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40.

Ndipo wachumi wakapiga hesabu, iliyochapishwa mwaka 1997. Kumtibu mgonjwa mmoja kuligharimu kama dola 10 za Marekani, na dawa zenyewe zilichukua dola 2 na kidogo tu. Kuepusha ambukizo moja la VVU kuligharimu takriban dola 218; kuokoa mwaka mmoja wa maisha yenye afya, kama dola 10. Hesabu hiyo inatufundisha kwamba thamani ya huduma haiko katika dawa peke yake. Iko pia kwa mtumishi aliyefundishwa, kwa usimamizi, na kwa kabati la dawa lisilokaa tupu.

Hata hivyo, hesabu ya mahali pamoja haihamishwi ovyo. Huko Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa, watu walipewa dawa majumbani kwa awamu, wagonjwa na wasio wagonjwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 hayakuonyesha kupungua kwa VVU. Njia ilikuwa tofauti, na janga lilikuwa limeenea zaidi.

Liko pia jambo ambalo hesabu peke yake haliamui. Kumfikia mvuvi wa kisiwani Ukara ni ghali kuliko kumfikia mkazi wa Nyamagana. Tukifuata unafuu tu, mvuvi ataachwa. Mchungaji mwema aliwaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja. Basi uchumi utuonyeshe fedha zinapovuja, ili tulichookoa kitoshe nauli ya mtumbwi wa kwenda kwa yule wa mbali.

Wenzetu mlio katika kamati za zahanati na vituo vya afya, bajeti ikiletwa mezani, ulizeni: fedha hii itamponya nani, na nani atabaki akingoja?