Kaseti za zamani: Safisha hedi kabla ya kompyuta

KASETI za kwaya, harusi na sauti za wazee waliokwisha kufariki bado zimetunzwa katika nyumba za Mwika, Moshi Vijijini. Kuzihamishia kwenye kompyuta ni biashara ya mtaji mdogo. Kikwazo ni ule mvumo wa "shhh" unaofunika sauti.

Gharama kubwa ni muda: kaseti ya dakika 60 huhamishwa kwa dakika 60. Kuirudia kwa sababu ya hedi chafu ni hasara. Kwanza, safisha hedi kwa pamba na spiriti, iache ikauke. Kaseti iliyorekodiwa kwa Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo, ichezwe Dolby ikiwa imewashwa.

Ndipo itumike programu ya bure kama Audacity. Ionyeshe sekunde chache za mvumo mtupu kabla wimbo haujaanza, nayo itaupunguza katika kaseti nzima.

Usiung'oe wote. Ukizidisha, herufi kama "s" na "sh" hufifia na mzee husikika kama yumo ndani ya debe. Tunza pia nakala ambayo haijasafishwa. Mteja asiporidhika, utaanzia hapo bila kuicheza kaseti upya.