Nenosiri la Pili la Ruta

Ruta ya nyumbani ina manenosiri mawili, na wengi wetu tunalijua moja tu: lile la Wi-Fi ambalo mgeni huliomba kabla hajamaliza chai. La pili hufungua ukurasa wa mipangilio, ambao kwa kawaida hupatikana kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Anayelijua hilo ndiye mwenye ruta. Anaweza kubadilisha lile la kwanza, kukufungia nje, hata kuipeleka simu yako kwenye tovuti bandia ilhali umeandika anwani sahihi.

Kwenye ruta nyingi, hasa za zamani, nenosiri hilo lilitoka kiwandani likiwa “admin” na likabaki hivyo. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha fupi ya manenosiri ya kiwandani, sitini na ushee tu, na kwa ufunguo huo ikateka malaki ya kamera na ruta. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo viliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo tovuti nyingi ziliitegemea, na Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Hata Afrika haikusalimika: mtandao wa simu wa Lonestar nchini Liberia ulishambuliwa kwa njia hiyohiyo, na Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga Daniel Kaye miezi 32 kwa kosa hilo. Wenye kamera na ruta zilizotumika hawakuona chochote, labda intaneti kuwa nzito kidogo.

Mlango mwingine ni WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri. PIN yake ina tarakimu 8, hivyo mtu hudhani mdukuzi atabahatisha mara milioni mia. Sivyo. Ruta hukagua tarakimu 4 za mwanzo tu na kusema kama ni sahihi. Kisha hukagua zilizobaki, ambapo ya mwisho hukokotolewa kutokana na nyingine saba. Hesabu inashuka hadi 10,000 kujumlisha 1,000. Mtafiti Stefan Viehböck alilifichua hilo Desemba 2011, na kwa kompyuta, majaribio 11,000 ni kazi ya saa chache.

Kwa maoni yangu WPS haina nafasi nyumbani. Izime. Zima pia usimamizi wa ruta kutoka nje, kwani ni nadra mtu kuhitaji kubadilisha mipangilio yake akiwa safarini. Kwa usalama wa Wi-Fi yenyewe chagua WPA3, au WPA2 kama ruta ni ya zamani, na usikubali WEP, iliyovunjwa tangu 2001. Wageni wape mtandao wao wa pembeni.

Uingereza ilipiga marufuku manenosiri ya kiwandani yanayofanana kuanzia Aprili 2024. Wewe usisubiri sheria: fungua ukurasa wa ruta yako leo, ubadilishe nenosiri la pili.