Jichongee bao kwa mashine ya kompyuta

Je, msomaji, wewe ni mpenzi wa bao? Au umechoshwa na pambo la ukutani lililo sawa na la jirani? Basi huenda ukavutiwa na uraibu huu: kuchonga mbao nyumbani kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, ijulikanayo kama CNC.

Viwandani mashine hizi si ngeni. Mwaka 1952, chuo cha MIT nchini Marekani kilionyesha moja iliyokata chuma kwa kufuata utepe wa karatasi uliotobolewa. Siku hizi zipo ndogo zinazokaa mezani. Ile iitwayo 3018 huchonga eneo la takriban sentimita 30 kwa 18.

Eneo hilo latosha bao zima. Hebu piga hesabu: mashimo 32, safu nne za manane. Ukilipa kila shimo nafasi ya sentimita 3.5, utahitaji sentimita 28 kwa 14 tu. Unachora kwenye kompyuta, kisha programu inageuza mchoro kuwa amri za kukiambia kisu kinachozunguka kiende wapi na kishuke kiasi gani. Usiwe na pupa. Mota ni dhaifu, kwa hivyo kisu hutoa utando mwembamba, kikarudi tena na tena. Bao moja laweza kuchukua siku nzima.

Na mashine haiwezi yote. Katika bao la pwani, shimo la nyumba huwa la mraba. Kisu kinachozunguka huacha pembe za mviringo, kwa hivyo itakubidi ushike patasi umalizie kwa mkono. (Mafundi wa Lamu wana haki ya kucheka hapo!)

Bana ubao barabara na utie alama panapoanzia kazi. Stima ikipotea, mashine husahau ilikofika, na bila alama hiyo ubao wako ni kuni.

Kubwa zaidi ni vumbi. Mwaka 1995, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ikiwa mnaishi chumba kimoja na watoto, usiiwashe humo hata ukifungua dirisha. Mwombe seremala wa mtaani akukodishie kona, uvae barakoa na miwani, na vumbi ulipanguse kwa kitambaa chenye maji badala ya kulifagia.

Ukiwa huko, mwombe pia mabaki ya mbao ya kujifunzia. Chagua yaliyokauka, ubao mbichi hupinda, na kete zako zitabingirika upande wa mpinzani.