Mfumo wa kununua au wa kujitengenezea?

Julai 2023 Tanzania ilishusha tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Kwenye programu ya mishahara hiyo ni tarakimu moja tu, lakini lazima awepo mtu wa kuibadilisha. Muuzaji mwenye wateja mamia huirekebisha mara moja na gharama wakagawana wateja wote. Kampuni iliyojitengenezea programu humtegemea mtaalamu wake. Kama ameshaacha kazi, mhasibu anarudi kwenye Excel.

Ndiyo maana kwa kazi za mahesabu, ambazo kanuni zake ni zilezile kwa kila mwajiri, wengi hununua programu kama Tally au QuickBooks. Hata Equity, benki kubwa ya Kenya, huendesha akaunti za wateja kwa Finacle, programu ya kampuni ya Infosys ya India. Mteja haichagui benki kwa sababu ya leja yake.

Hesabu hugeuka pale kazi inapokuwa ya kwako peke yako. Mwaka 2017 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilianza kutumia GePG, mfumo wa malipo ya serikali uliojengwa na wataalamu wa ndani. Anayelipa leseni au ankara ya maji hupewa kontrol namba, na namba hiyo huambatanisha fedha na taasisi na deni husika, alipie benki au kwa simu. Utaratibu kama huo, wenye taasisi nyingi na kanuni zake, ni vigumu kuukuta tayari dukani. Kwa mantiki hiyohiyo, baadaye mfumo wa ndani wa MUSE ulichukua nafasi ya EPICOR, uliokuwa wa kununuliwa, katika malipo ya serikali, na mwaka 2023 NeST, nao wa ndani, ukairithi TANePS katika ununuzi wa umma.

M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu ya Safaricom ya Kenya, inaonyesha kwamba jibu linaweza kubadilika. Ilipoanza Machi 2007, jukwaa lilikuwa la Vodafone, na seva zilikuwa nje ya nchi hadi 2015 zilipohamishiwa Kenya. Mwaka 2020 Safaricom na kampuni ya simu ya Vodacom zikanunua kutoka Vodafone chapa ya M-Pesa pamoja na huduma za kuliendeleza jukwaa. Huduma iliyoanza kama nyongeza ya biashara ya simu ilikuwa imeshakuwa mhimili wa mapato, na mhimili haufai kusubiri ratiba ya mwingine.

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya leseni na gharama ya kutengeneza, kana kwamba kazi inaisha siku ya uzinduzi. Anayenunua aulize ada ya mwaka, na kama ataweza kuondoka na data zake zote. Anayejenga atenge bajeti ya matengenezo ya kila mwaka, na ahakikishe angalau watu wawili wanaujua msimbo. Asiyemudu kuwalipa hao wawili anunue tu.